Mikungu ya Kuazima

Wageni walikuwa njiani, na mume wa Mama Mseto alikuwa juu ya ngazi anafunga mkungu wa chikichi wa watu kwenye mchikichi wake mwenyewe. Mkungu ulikuwa mzito na una miiba. Aliubana kati ya vigutu vya makuti, akauzungushia waya, akaukaza kwa koleo, kisha akashuka na kurudi nyuma kuutazama.

"Umeinama," mkewe alisema. "Kama kofia ya mlevi."

"Basi panda wewe."

"Baba watoto, usinianze leo. Watu watafika sasa hivi."

Akapanda tena. Hakuwa mtu wa maneno. Katika nyumba ile maneno yalikuwa ya mke na mikono ilikuwa ya mume, na hata ndugu yake wa damu alikuwa akisema kwamba nyumba ile ina mdomo mmoja tu lakini unafanya kazi ya midomo kumi. Akaunyoosha mkungu, akaongeza waya, akafuta damu ya kidole kwenye suruali. Bado mikungu mitatu ilikuwa chini kwenye toroli, imefunikwa gunia.

Mtu aliyepita barabarani angedhani wamerukwa na akili. Hawakuwa wamerukwa na akili. Walikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hufanya mambo ambayo mwendawazimu asingeyafikiria.

Jina la Mama Mseto alipewa na chama cha ushirika, na alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Watu wengine, michikichi yao ikishakua na kukutanisha makuti huko juu, huacha kupanda chakula chini yake. Kivuli kimekuwa kizito, kitaota nini? Yeye alikataa. Alisema jua ni la wote, iweje mchikichi ulinywe peke yake? Akamwamuru mumewe akate makuti, akate hasa, abakize machache ya kileleni. Michikichi ikabaki kama kuku waliokimbia wakati wa kunyonyolewa. Chini yake akapanda maharage, na maharage yale, jamani, yalistawi kana kwamba yalikuwa yanasubiri kuitwa. Na msimu uleule michikichi ikatoa mikungu kama kawaida. Ardhi moja, mavuno mawili! Nani asingepagawa? Katibu wa chama akaleta wapiga picha. Wakaja akina mama wa huku na wa kule. Mama Mseto akasimama juu ya benchi akawafundisha, akapewa posho, akaalikwa na vijiji vingine akafundisha huko pia. Akipita sokoni watu humpisha.

Jambo ambalo hakulijua, wala mumewe, wala katibu na kalamu zake mfukoni, ni kwamba mkungu unaoukata leo haukuanza leo. Ulianza kitambo, ndani kabisa ya moyo wa mti, wakati mti una makuti yake yote. Mikungu ya ule mwaka wa sifa ilikuwa watoto wa makuti ya zamani. Zamu ya watoto wa kichwa kipara ilipofika, michikichi ilitoa maua dume matupu. Vishada virefu vya vumbi la njano, havina mafuta, havina hata sabuni. Mti baada ya mti.

Bwana shamba alipita akaangalia juu, akatikisa kichwa.

"Mama, mti unakula kwa makuti. Umeukata mdomo, halafu unataka uzae?"

"Sasa nifanye nini?"

"Acha kukata. Subiri."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Miwili. Inategemea mti ulivyoumia."

"Na maharage yangu?"

"Makuti yakirudi, kivuli kinarudi. Hayo utayasahau." Akapanda pikipiki yake. "Lakini waambie na wenzako mapema, wasije wakakata."

"Nitawaambia," alisema Mama Mseto. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita, na hakumwambia hata paka.

Msimlaumu haraka. Mashine ya kukamulia mafuta haikuwa imeona toroli yao tangu mvua zilizopita. Kilichobaki kuleta unga na dawa ya meno ndani ya nyumba ile ni posho ya kufundisha. Angewaambiaje watu kwamba anachofundisha kimekufa, halafu aendelee kulipwa kukifundisha? Kila akiamka alisema leo nitasema, na kila akikutana na mtu wa kumwambia, mtu yule alimsalimia kwa heshima kubwa, basi ulimi ukarudi ndani.

Wazo la mikungu ya kuazima lilikuwa la katibu. Kazi ya kwenda kuiazima ilikuwa ya nani? Mume alikataa katakata, na alipokataa hakutoa sababu, alikaa tu kwenye kiti na kuendelea kukaa. Kwa hiyo siku moja kabla ya wageni, Mama Mseto alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye shamba lake limepakana na lao.

Shemeji yule hakuwahi kukata makuti yake. Si kwamba alikuwa na elimu. Alikuwa mvivu. Mama Mseto alimkuta amelala chali chini ya michikichi yake iliyojaa mikungu mpaka inatia wivu.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, mwalimu! Leo umekuja kunifundisha? Ngoja nikae vizuri."

"Usinitanie. Nina shida."

"Mwalimu ana shida! Basi sisi wanafunzi tumekwisha."

Akamweleza. Alimweleza akiwa amesimama, anaangalia ukucha wake. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Uvivu wangu umeniokoa," alisema akifuta macho. "Uliniita mzembe mbele ya mkutano, unakumbuka? Ukasema watu kama mimi ndio wanaorudisha kijiji nyuma."

"Nakumbuka."

"Mgema akisifiwa..." alisema shemeji, akamwacha amalizie mwenyewe moyoni.

"Nisamehe, shemeji."

Hapo shemeji aliacha kucheka. Kumsikia mwanamke yule akiomba msamaha kulimtia haya hata yeye. Akainuka, akachukua upondo wenye mundu nchani, akamwangushia mikungu minne bila kusema tena kitu. Ila toroli hakumsukumia. Alimwacha aisukume mwenyewe, mchana kweupe, kupitia mbele ya nyumba za watu.

"Mmeanza kuvuna tena?" jirani mmoja alimwuliza kutoka kizingitini.

"Ndiyo, mama. Tunashukuru."

Alisukuma toroli huku uso unamwaka moto.

*

Katibu alifika kabla ya wageni, shati limenyooshwa, viatu havina vumbi. Akazunguka ile michikichi minne ya mbele, akainua kidevu.

"Safi. Ukisimama hapa huoni waya. Mama, leo usiwe na maneno mengi. Waonyeshe mstari huu wa mbele, waonyeshe maharage, wapigwe picha, basi."

"Wakitaka kuona na huko nyuma?"

"Waambie kuna nyoka."

Mume aliguna. Katibu akamgeukia.

"Mzee, unadhani na mimi nafurahia? Nikiandika kwamba mseto umeanguka, msimu ujao hatuletewi mbegu, wala mbolea, wala posho ya mkeo. Tuvuke leo tu. Kesho tutaona namna ya kulisema taratibu."

"Kesho gani?" aliuliza mume.

Lilikuwa swali zuri, ila lori lilikuwa limeshafika. Akina mama walishuka mmoja mmoja kwa kushikana mikono, wanacheka, wanajinyoosha viuno, wanaulizana nani kamkanyaga nani. Mama Mseto alivaa tabasamu lake la kazini akaenda kuwapokea. Akasalimia wa kwanza, akasalimia wa pili. Wa tatu alipoinua uso, tabasamu lilimwanguka.

Alikuwa mkwe wake. Mama wa mkwewe, yaani aliyemzaa mume wa binti yake, mjane mpole mwenye shamba lake la michikichi, ambalo ndilo linalolisha nyumba alikoolewa binti huyo.

"Mkwe! Hukuniambia kama unakuja!"

"Nilitaka nikushtue," alisema mkwe, na alikuwa anang'aa kwa furaha. Akampa mfuko uliofungwa vizuri. "Pokea. Maharage haya ni yako kabisa, maana wewe ndiye umeyaleta. Yametoka chini ya michikichi yangu."

"Chini ya..." Mama Mseto alishika mfuko kwa mikono miwili. "Mkwe, umekata makuti?"

"Nilianza na nusu ya shamba, nikajaribu. Nilipoona haya, nikasema nasubiri nini? Nikamalizia na nusu iliyobaki. Tena binti yako ndiye aliyesimamia! Vijana wanapanda kukata, yeye yuko chini anawapigia kelele: 'Kateni na hayo! Mama amesema yabaki machache tu!' Tukacheka siku nzima. Kakurithi mdomo, yule."

"Na mikungu?"

"Ipo tele! Kama ulivyosema."

Mama Mseto aliitikia kwa kichwa. Aliijua vizuri sana tele ile. Hata yeye alikuwa nayo, mwaka ule wa sifa.

*

Benchi lilikuwa limewekwa chini ya mchikichi wa kwanza. Katibu alisema yake, akamsifu, akasema mama huyu ni lulu ya chama, akamkaribisha kwa makofi. Mama Mseto akapanda juu ya benchi. Kwa kawaida, akishapanda benchi, maneno humjia yenyewe. Leo alisimama pale akitazama vichwa vya watu.

"Jua ni la wote," alianza, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuanza.

Makofi.

"Hii mikungu mnayoiona..."

Makofi tena. Mkwe alikuwa mbele, ameinua uso, anaitazama mikungu kwa imani ambayo mtu huwa nayo akitazama kitu atakachokuwa nacho mwenyewe. Na Mama Mseto alimwona binti yake chini ya michikichi ile mingine, anapiga kelele, mama amesema, mama amesema. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alikuwa amedhani kwamba aibu ni kuchekwa na shemeji. Kumbe hiyo ilikuwa mzaha tu.

"Hii mikungu si yangu," alisema.

Katibu akacheka kwa nguvu.

"Mama Mseto na utani wake! Anataka kusema ni ya Mungu."

Akina mama wakacheka wote.

"Sitanii. Nimeiazima. Imefungwa kwa waya. Michikichi yangu haizai tena, na hata ninyi mkikata, yenu haitazaa. Msikate. Mliokwishakata, acheni."

Kicheko kilififia, lakini kilichokuja badala yake hakikuwa kile alichokitegemea. Mwanamke mmoja mrefu, aliyefunga kitambaa cha bluu kichwani, alikunja mikono kifuani.

"Ahaa," alisema. "Ameshashiba, sasa anafunika chungu."

"Si hivyo, dada."

"Ni hivyo hivyo. Tukiwa wachache tunaovuna maharage, bei nzuri. Tukiwa wengi, bei inaanguka. Unadhani hatujui hesabu? Nimeuza mbuzi wangu kununua mbegu, halafu leo unaniambia nisipande?"

Minong'ono ikaenea. Wengine walisema choyo. Mwingine alisema ndivyo walivyo, wakifika juu hawataki kuona mtu nyuma yao. Mkwe hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, "kama hukutaka tuje, ungetuma salamu tu. Hatukuja kukunyang'anya."

Loo! Mwaka mzima alisema lisilo kweli wakamwamini, leo anasema kweli wanamwita mchoyo. Mama Mseto alimgeukia mumewe.

"Baba watoto," alisema. "Fungua."

Mume hakuuliza afungue nini. Alichukua ngazi aliyokuwa ameificha nyuma ya banda, akaiegemeza kwenye mti, akapanda mbele ya watu wote akiwa na koleo mdomoni. Katibu alisema, "Mzee, mzee, ngoja kwanza." Mume hakungoja. Alikata waya. Mkungu ukaanguka chini kwa kishindo, chikichi zikatawanyika miguuni mwa wageni. Akahamia mti wa pili. Alipomaliza yote minne, alishuka, akakusanya vipande vya waya akavitia mfukoni, na akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya watu.

"Mikungu ni ya kaka yangu. Anayetaka kuona michikichi yangu, anifuate nyuma. Nyoka hakuna."

Wakamfuata. Walitembea mstari baada ya mstari, maharage yamewafika magotini, mazuri kweli, na juu yake miti yenye vichwa vyembamba iliyobeba vishada vya maua dume. Mume alivuta kimoja kwa upondo. Vumbi la njano likawamwagikia mabegani. Hakuna aliyezungumza isipokuwa yule wa kitambaa cha bluu, aliyekuwa anahesabu miti kwa kidole na kila akifika kwenye mti mwingine anasema, "Na huu. Na huu pia." Huko barabarani pikipiki ya katibu ilisikika ikiondoka.

Mkwe hakumaliza kuzunguka. Alikaa chini, kwenye udongo, mwanamke ambaye Mama Mseto hakuwahi kumwona akikaa mahali ambapo hapajafutwa. Mama Mseto akaja akachuchumaa mbele yake.

"Mikungu niliyo nayo sasa," mkwe aliuliza, "ni nini?"

"Ni ya makuti ya zamani, mkwe. Hiyo ndiyo ya mwisho mpaka miti ipone."

"Wewe umejua lini?"

Mama Mseto alitamani aulizwe kitu kingine chochote duniani.

"Mwezi uliopita."

Mkwe alichukua tawi la mharage akaanza kulichambua, jani moja moja.

"Ile nusu ya pili," alisema, "tumeikata wiki iliyopita."

Mama Mseto aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alisema nisamehe, nisamehe mkwe wangu, akasema posho, akasema haya, akasema kila siku nilitaka kusema. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililorudisha kuti juu ya mti. Mkwe alimwacha aseme. Hakumshika bega wala hakumtukana.

"Binti yako nimwambie nini?" aliuliza hatimaye. "Maana anajisifu kwa majirani wote. Yeye ndiye aliyewaambia vijana wakate."

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini? Kesho?"

Mama Mseto akainua uso. Hakukuwa na kejeli katika sauti ya mkwe. Aliuliza tu, kama mtu aliyekwishajifunza.

"Leo," alisema.

"Basi panda lori."

*

Aliondoka na nguo alizokuwa amevaa. Mumewe alimfuata mpaka kwenye lori, akamshika mkono kumsaidia kupanda. Kisha akarudi kumsukumia kaka yake toroli.

Akina mama walikaa kwenye mabenchi ya pembeni. Yeye alipata nafasi katikati, sakafuni, amekunja miguu, na lori likaanza kuruka mashimo. Hakuna aliyemtukana. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata majibu alikuwa nayo, na hakuna aliyemtukana. Walizungumza wao kwa wao kuhusu vumbi, kuhusu dereva, kuhusu watoto waliowaacha nyumbani.

Yule wa kitambaa cha bluu ndiye aliyemgeukia.

"Nisaidie kuelewa," alisema, bila hasira tena. "Nikiendelea kukata, sipati mikungu."

"Hupati."

"Nikiacha kukata, makuti yakarudi, sipati maharage."

"Ndiyo."

"Na mikungu haitoki palepale, mpaka mwaka upite, hata miwili."

"Ndivyo alivyosema bwana shamba."

"Sasa hapo katikati," aliuliza yule mwanamke, "tutakula nini?"

Wote wakamtazama. Hata mkwe aligeuka. Walimtazama kama walivyozoea kumtazama akiwa juu ya benchi, maana huyu ndiye Mama Mseto, na mwaka mzima hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu.

"Sijui," alisema. "Sijui, dada zangu."